Mjadala: Je, Lilly Wust alistahili heshima ya Yad Vashem (taasisi ya Israel ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi)?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Kisa cha Lilly Wust na Felice Schragenheim kinanisumbua, nakileta hapa tukichambue.

Kwa wasiokijua: ni Berlin, Novemba 1942. Lilly ana watoto wanne wa kiume, mume yuko jeshini, na ana nishani ya shaba ambayo serikali ya Hitler iliwapa akina mama kwa kuzaa. Inasimuliwa kwamba alijigamba anaweza kumtambua Myahudi kwa harufu. Akakutanishwa mkahawani na binti wa miaka 20, wakanywa, wakapiga soga, na pua haikumwambia kitu. Binti huyo, Felice, alikuwa Myahudi aishiye mafichoni.

Wakapendana. Lilly alipoambiwa ukweli hakumfukuza, na mwaka 1943 Felice alihamia kwake Schmargendorf, mtaa wa Berlin. Tarehe 21 Agosti 1944 walikwenda kuogelea mto Havel, wakapiga picha wakiwa na nguo za kuogelea, kurudi nyumbani wakawakuta Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Felice alipelekwa Theresienstadt, kambi ya wafungwa wa Kiyahudi, na hakuonekana tena Berlin. Mahakama ilikuja kutangaza kwamba alikufa 31 Desemba 1944, tarehe ya kukadiria tu. Lilly aliishi hadi 2006, na mwaka 1995 Yad Vashem ilimtambua kuwa Mwadilifu miongoni mwa Mataifa.

Mimi nasema alistahili. Kinachonitatiza ni kwamba mapenzi ya watu wawili tumesimuliwa na mmoja tu, yule aliyebaki.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo kwenye kustahili nakupinga, mkuu. Heshima ile ni ya aliyehatarisha maisha kuokoa Wayahudi bila kutaka malipo. Julai 1944, wiki chache kabla ya kukamatwa, Felice alisaini hati ya kumpa Lilly mali zake. Sisemi alilazimishwa. Lakini mtu asiye na pa kulala, ambaye neno moja tu la mwenye nyumba lingemuua, akimpa huyo huyo kila alicho nacho, hiari yake utaipimaje? Halafu Septemba Lilly akafunga safari mpaka Theresienstadt kutaka kumwona. Mwanamke wa Kijerumani anabisha hodi kambini akimuulizia mfungwa wa Kiyahudi! Wapo walioilaumu sana safari ile, kwamba huenda ilimzidishia Felice hatari.

Mchangiaji wa pili:
Naongeza moja. Watu hupenda kukiita kisa hiki mapenzi yaliyokatazwa, kana kwamba ndiyo yaliyomponza Felice. Kifungu cha 175 cha sheria ya Ujerumani kiliwaadhibu wanaume waliolala na wanaume, wanawake hakikuwataja. Ndiyo, wanawake waliopenda wanawake waliteswa kwa njia nyingine: baa zao zilifungwa, wakaishi kwa kujificha. Lakini Felice aliwindwa kwa sababu ya Uyahudi. Ushahidi ni kwamba wote wawili walikutwa nyumba moja, Lilly akahojiwa na kubaki na wanawe, mwenzake akapakiwa kwenye treni.

Mchangiaji wa tatu:
Mbona mnawasahau wale wanawake watatu? Baada ya Felice kuchukuliwa, Lilly aliwaficha Wayahudi wengine watatu mpaka vita vikaisha, huku Gestapo tayari wanamjua. Hapo hakukuwa na mahaba wala hati ya mali.

Mleta mada:
Asante wa tatu, hiyo ndiyo hoja iliyonishawishi mimi. Wa pili nakubaliana naye kabisa. Kuhusu hati sina jibu zuri, maana swali la hiari ni zito kweli, ingawa mashairi na barua za Felice zimebaki, na si maneno ya mtu aliyejipendekeza ili apate kitanda. Ila hii ya safari ya Theresienstadt siielewi, wa kwanza. Angejikalia Berlin na watoto wake, leo ungemwitaje?