Mjadala: Namba za seriali zinatosha kupinga takwimu za mauzo za kampuni?

Mleta mada: Nasema zinatosha, tena bila kukanyaga kiwandani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wachambuzi wa Marekani na Uingereza walisoma namba kwenye giaboksi na magurudumu ya vifaru vya Wajerumani vilivyotekwa. Kwa Agosti 1942 walipata vifaru 327 kwa mwezi. Majasusi walikuwa wanasema 1,550. Vita ilipokwisha, kumbukumbu za Wajerumani wenyewe zikaonyesha 342. Kanuni ni nyepesi: gawanya namba kubwa uliyoiona kwa idadi ya sampuli, jumlisha na namba hiyohiyo kubwa, kisha toa 1. Ukiona 1042, 3310, 4875, 6120 na 7900, unapata 7900 + 1580 − 1 = 9,479. Kampuni ikidai imeuza 50,000, ina la kujibu.

Tarakimu: Mkuu, umekimbilia kanuni kabla ya kuisoma namba. Nani kakwambia mfululizo unaanzia 1? Kama unaanzia 1001, toa 1000 kwanza: 6900 + 1380 − 1 = 8,279. Halafu sampuli 5 ni kiduchu. Kwa uhakika wa 95%, mpaka wa juu ni 6900 mara mzizi wa tano wa 20, yaani mara 1.82: karibu 12,600. Ukiwa na sampuli 20, nyongeza hiyo ya 82% inashuka hadi 16%. Taja mpaka, au usitaje kitu.

Kwenye simu ndiko watu wanakoumbuka. IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, ina tarakimu 15: 8 za mwanzo zinatambulisha modeli, 6 ndizo mfululizo, ya mwisho ni ya uhakiki tu. Ukiisahau hiyo ya mwisho ndani ya hesabu, jibu linavimba mara 10. Na kila kundi la tarakimu 8 linatosha simu milioni 1, kwa hiyo modeli inayotoka sana ina makundi kadhaa. Kila kundi lihesabiwe peke yake.

Ghalani: Hata mkipatana kwenye hesabu, mnachohesabu ni vilivyotengenezwa. Kifaa kilicholala ghalani kina namba. Kilichorudishwa kwa waranti mara nyingi hubadilishwa na kingine chenye namba mpya: mteja mmoja, namba mbili, mauzo moja. Na kama sampuli ni picha za bidhaa za mtumba, zimejaa toleo za zamani; namba mpya kabisa hamzioni.

Mleta mada: Sawa, lakini hayo ya ghala na waranti yananiunga mkono. Yanafanya namba zizidi mauzo. Kwa hiyo namba zikitoa kidogo kuliko tangazo la kampuni, pengo halisi ni kubwa zaidi. Kompyuta ya nyumbani ya Commodore 64 ni mfano: kwa miaka ilirudiwa kwamba ziliuzwa milioni 17, wengine wakafika 30, uchambuzi wa namba za seriali ukatoa kama milioni 12.5.

Tarakimu: Hilo nakupa, ila la picha za mtumba linavuta upande wa pili: linapunguza jibu lako. Na kuna la kuruka namba. Kiwanda cha pili hupewa fungu lake, kianzie tuseme 500,000, na katikati panabaki patupu. Dawa yake: panga sampuli toka ndogo hadi kubwa, toa kila moja kwenye inayofuata upate mwanya kati yao. Ukiwa na sampuli 30, mianya yote iko chini ya 600, halafu mmoja unasoma 4,000, hiyo si bahati. Kata hapo, hesabu kama mifululizo miwili.

Ghalani: Na kampuni ikichanganya namba kwa makusudi?

Tarakimu: Basi kanuni imekufa, na utaijua mapema: vifaa vya mwezi mmoja vitakuwa na namba zilizotawanyika kotekote. Mleta mada, weka sampuli zako hapa pamoja na tarehe ya kutengenezwa ya kila kifaa. Namba zisipopanda pamoja na tarehe, hatuna cha kubishania.