Roboti kwenye upasuaji wa kizazi: maendeleo au anasa?

Wakuu, tulijadili hili bila ushabiki. Tangu Marekani iruhusu roboti ya da Vinci kwenye upasuaji wa wanawake mwaka 2005, inanadiwa kama ndiyo mwisho wa utaalamu. Mimi nasema kwa kutoa kizazi chenye tatizo la kawaida (si saratani), ni anasa. Upasuaji wa matundu madogo (kamera na vifaa vinapitishwa kwenye vitundu vya tumbo, bila kulichana) ulikuwepo kabla yake, na kuna kutolea kizazi ukeni, tumbo haliguswi. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la JAMA lilitoa utafiti wa wanawake zaidi ya 264,000: waliopata matatizo ni 5.5% kwa roboti, 5.3% kwa matundu ya kawaida. Lakini roboti ilizidi kwa dola 2,000 na ushee kila mgonjwa. Hizo dola zimenunua nini?

— Zimenunua kiganja, mkuu. Vifaa vya kawaida vya matundu ni vijiti vilivyonyooka. Vya roboti vinapinda kama kifundo cha mkono. Chukua mama anayetolewa uvimbe mwingi na bado anataka kuzaa: kizazi lazima kishonwe vizuri, tabaka kwa tabaka. Jaribu kushona shati kwa vijiti viwili virefu uone. Wengi wa hao wangechanwa tumbo, kwa hiyo linganisha na kuchanwa.

— Na tuache kusema "roboti imempasua". Haiamui chochote, daktari yuko kwenye skrini anaiendesha. Mgonjwa aulize: wewe umeshafanya ngapi?

— Hoja ya kushona naipokea. Sasa nijibuni hili: saratani ya mlango wa kizazi. Utafiti wa LACC, 2018, ulilinganisha kuchana tumbo na matundu (wengi kwa vifaa vya kawaida, wachache kwa roboti). Baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila saratani kurudi ni 96.5% kwa waliochanwa, 86.0% kwa matundu. Kovu dogo, hasara kubwa.

— Hapo sibishi, na mimi ni mtetezi wa roboti. Ila usiibebeshe saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi mzigo huo. Kule matundu hayajaonyesha pengo la namna hiyo, na wagonjwa wake wengi ni wanene, ambao kidonda kirefu cha tumbo huwatesa kupona. Hao ndio ningewapa mashine kwanza.