Shahada ya historia ya sanaa: makumbusho, jumba la sanaa au ualimu?

Mhitimu wa Umoja:
Wanajukwaa, nawasalimu. Nilihitimu shahada yangu nikiwa nimejikita katika historia ya sanaa, na kwa miezi minane sasa nimekuwa nikipeleka maombi ya kazi hapa Nairobi bila kupata jibu la maana. Naona njia tatu: makumbusho na nyaraka, majumba ya sanaa yanayouza kazi za wasanii, na ualimu. Sina uwezo wa kugharamia mafunzo mapya mara mbili, kwa hiyo naomba walio ndani ya kazi hizi wanieleze jinsi zinavyofanyika.

Mtunza Mkusanyo:
Hongera kwa kuhitimu, mwenzetu. Wengi hudhani kazi ya makumbusho ni kupanga maonyesho, ilhali sehemu kubwa ya siku yetu hupita ghalani. Kifaa kikiletwa, tunakipima kwa sentimita, tunakipiga picha pande zote, tunaandika kila ufa na kila doa, kisha tunakipa nambari ya usajili. Picha iliyochorwa mimi huigeuza kwanza, kwa maana huko nyuma ndiko iliko mihuri, vibandiko vya maonyesho ya zamani na pengine jina la aliyeinunua mwanzo. Kalamu ya wino haikaribii mkusanyo. Tunaandika kwa penseli.

Nafasi za kudumu ni chache, na mimi mwenyewe nilianza kwa mkataba wa miezi mitatu. Hata hivyo, usiiache njia hii upesi. Mradi wa International Inventories Programme, ambao Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yalishiriki, uliorodhesha zaidi ya vifaa 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi za nje, na maonyesho yake yalifanyika Nairobi mwaka 2021. Kwa kila kifaa kama hicho lazima apatikane mtu wa kuuliza kilitoka kwa nani, lini na kwa njia gani, na hayo ndiyo maswali uliyofunzwa kuuliza. Ukipata nafasi, ingia Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, uutazame mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya, ghorofa ya chini, kisha ujaribu kuandika maelezo ya vifaa vitano tu. Maelezo hayo yaambatanishe na maombi yako.

Muuza Picha:
Nakubaliana naye kuhusu maelezo, ila upande wetu mambo huenda mbio zaidi. Tangu Circle Art, jumba la sanaa la hapa Nairobi, ilipofanya mnada wake wa kwanza mwaka 2013, wanunuzi wamezoea kuuliza historia ya kazi kabla ya kuuliza bei. Utaandika orodha za maonyesho, utawatembelea wasanii katika karakana zao, na siku ya ufunguzi utabeba viti kama wengine. Kipato hutegemea mauzo, na kuna miezi mikavu kabisa. Isome pia Sheria ya Hakimiliki, hasa marekebisho ya 2019 yaliyompa msanii haki ya kupata sehemu ya bei kazi yake inapouzwa tena, kwa sababu nimeona wasanii wakipunjwa na watu waliojifanya hawaijui, na jambo hilo huniuma.

Mwalimu wa Kasarani:
Ualimu una mshahara unaotabirika, lakini shahada yako pekee haitoshi. Utahitaji stashahada ya uzamili katika elimu, masomo mawili ya kufundishia ambayo ulipata angalau C+ katika KCSE, yaani mtihani wa kumaliza shule ya upili, na usajili wa Tume ya Kuwaajiri Walimu. Angalia cheti chako kwanza kabla ya kulipa karo popote. Mtaala wa umilisi una mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika shule za upili za juu, na watoto hao wanastahili mwalimu anayeweza kuwaeleza kwa nini kinyago kilichongwa vile.

Mhitimu wa Umoja:
Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimetazama cheti changu: nilipata B katika Historia, lakini Sanaa sikuifanya, kwa hiyo ualimu nitausogeza mbele hadi nijue somo la pili litakuwa lipi. Jumatatu asubuhi nitakuwa Moi Avenue na penseli. Mtunza Mkusanyo, je, ukiwa na nafasi utakubali kuyapitia maelezo hayo matano kabla sijayapeleka?

Mtunza Mkusanyo:
Nitumie hapa hapa jukwaani, ili na wengine wayasahihishe. Usisahau vipimo: urefu kwanza, kisha upana.