Remiksi za tekno nzito: Cesária ya Detroit, Konono ya Berlin au ile ya dakika 18, ipi inakushika zaidi?

MpigaKanda
Wakuu habari za usiku. Mimi mtu wa taarab toka utotoni, tekno kaniletea mdogo wangu, mwanzo nikaona kelele za mashine tu, sasa hivi ndo nazisikiliza kwenye basi nikitoka shifti ya usiku na kuna siku machozi yananitoka hata sijui nalilia nini.

Ninazo tatu. Carl Craig wa Detroit alivyoigeuza Angola ya Cesária Évora, yule mwimbaji wa Cape Verde, ipo kwenye albamu ya remiksi ya 2003, orijino ya 1992 ni ya kuchezeka kabisa unatabasamu. Mark Ernestus wa Berlin na Masikulu ya Konono No 1, wale wazee wa Kinshasa wa likembe, zile marimba za vidole, zenye vinasa sauti vya kujitengenezea kwa sumaku za magari mabovu. Halafu Ricardo Villalobos alivyoikamata ngoma ya Shackleton, prodyuza wa Uingereza, 2007, dakika 18. Ipi?

fundi_spika
Kwanza mkuu unasikilizia nini? Besi ya hivi vitu inakaa chini huko hertzi 40, 50, spika ya simu haifiki, unabaki na tiki tiki za juu halafu mtu anasema haina hisia.

Otis_wa_Umoja
Aki hiyo ya dakika 18 mi nililala. Cesária angalau kuna mtu anaimba. Sijui mnaskianga nini kwa hizo zingine, ni kama friji imeharibika.

SingeliDamu
😂😂 friji. Ila mi niliyezoea singeli, biti 200 na kitu kwa dakika, hizi zinazocheza 120 mpaka 130 zinanipa nafasi ya kuwaza, na kuwaza ndo sitaki.

mama_Nasra_Unguja
Kaka yangu Otis, umewahi kukaa kwenye zikri? Neno lile lile, mara ya kwanza neno tu, mara ya sitini mabega yanakwenda yenyewe. Sisemi ni kitu kimoja, astaghfirullah, nasema mwili ndo ule ule. Dakika 6 hazitoshi kwa jambo hilo. Mie nachagua ya Villalobos, ile sauti ya mwanamme inayosema habari za minara kuanguka, anaisema kama mtu asiye na haraka, ndo inatisha.

Juma_Hamburg
Nakubaliana na mama Nasra. Na Villalobos mwenyewe ni Mchile, wazazi walikimbia naye Ujerumani 1973 baada ya Pinochet kupindua, akiwa mtoto mdogo. Labda haihusiani lakini mi siwezi kuisikia bila kukumbuka hilo.

Ila kura yangu ni Ernestus. Huyu ndo mwenye lile duka la rekodi Berlin, Hard Wax, lipo toka 1989, na yeye na Moritz von Oswald ndo Basic Channel, kundi lao la tekno la watu wawili. Ufundi wao wameutoa kwa Wajamaika, kina King Tubby: unatoa chombo, unakiacha nje, unarudisha kipande kimoja kikiwa na mwangwi. Likembe ya Konono orijino inakupigia usoni, hapa inasikika kama harusi ya mtaa wa pili na wewe hujaalikwa.

MpigaKanda
Juma hapo kwenye harusi umenimaliza. Ndo nilichokuwa nakitafuta. Taarab hata ikifumba vipi unajua kuna mtu anasemwa, mwizi wa bwana, jirani, nani sijui. Hizi hazimsemi mtu, zimetoa maneno karibu yote zikaacha shimo na wewe unatia la kwako humo. Ndo maana Cesária naipenda lakini inashika namba tatu, pale bado yupo yeye, majonzi ni yake.

Otis_wa_Umoja
Sasa si hiyo ndo raha ya muziki, majonzi ya mwenyewe 😅

fundi_spika
Hujanijibu, kwenye basi unatumia hedifoni gani?

MpigaKanda
Zile za elfu tano za Kariakoo. Upande wa kushoto umekufa.

fundi_spika
Basi hata hujazisikia bado. Jumamosi pita hapa Manzese na hiyo simu yako.