Mafia na watoto: twende Julai kwa kasa au Desemba kwa papa potwe?

MamaWawili_Dom

Habari za humu wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua Mafia, kisiwa nasema, sio wale wa kwenye muvi. Mi na baba watoto tumekubaliana mwaka huu hela ya likizo haiendi tena Mikumi, watoto tembo wameshawaona mpaka wamechoka, tunataka bahari na viumbe vyake. Wapo wawili, mmoja ana miaka 9 mwingine 13, kuogelea wanajua ila ni kwa bwawa la hoteli tu sio bahari.

Sasa shida ni hii. Kila nikisoma naambiwa papa potwe (yule papa mkubwa mwenye madoa) ni kuanzia Oktoba mpaka Februari, na vitoto vya kasa vinatotolewa Juni mpaka Septemba, na mimi watoto wako shule, likizo ndefu ni hizo mbili tu, ya katikati ya mwaka na ya Desemba. Kwahiyo lazima nichague kimoja?? Na ya pili, kuna mtu kaniambia usafiri wa boti ni mtihani, mi nikipanda hata kivuko cha Kigamboni kichwa kinazunguka. Bajeti ya kawaida tu, sio ya loji za wazungu. Siku tano hivi. Natanguliza shukrani.

kijana_wa_Kilindoni

Karibu kwetu dada. Jibu fupi ni Desemba, nakueleza kwanini.

Julai huku ni kusi. Upepo unavuma siku nzima, bahari ya upande wa Kilindoni, mjini kwetu, inachafuka, na hapo wewe mwenyewe umesema Kigamboni tu inakushinda. Mwisho wa Desemba kaskazi ndo inaanza, asubuhi bahari mara nyingi imelala kabisa. Mvua za vuli zinaweza kukukuta lakini hazikai siku nzima.

Potwe wanakuja pale mbele ya Kilindoni kufuata uduvi na visamaki vidogo, maji yetu yana chakula kingi maana ya Mto Rufiji yanamwagika hapo ng'ambo. Watafiti waliwafunga vifaa wakakuta wengine wanakaa mwaka mzima, ila nje ya msimu wanashuka chini au wanasogea mbali huwaoni juu. Wengi wanaokuja kwetu ni madume ambayo hayajakua sawasawa, mita sita, saba hivi, yaani hayo ndo madogo hahaha. Meno anayo ila madogo mno, hali mtu, anachuja maji tu, mdomo wazi kama anapiga miayo. Wakiwa wanakula wanasimama wima kabisa mkia chini mdomo juu, hapo hata asiyejua kuogelea anamwona vizuri akiwa kwenye boti.

Kinyonga_77

Naheshimu mwenyeji lakini mi nampinga. Watoto wa miaka 9 wasiojua bahari, unawapeleka kwenye maji ya kina kuangalia samaki mkubwa kuliko Noah? Watapiga kelele dakika mbili wanataka kurudi. Na potwe hana ahadi, unaweza kuzunguka na boti asubuhi nzima usione hata pezi na hela ya boti umeshalipa.

Kasa ni nchi kavu. Mnavuka na mashua kwenda kisiwa cha Juani, mnashuka kijijini mnatembea njia ya vichakani na mawe ya matumbawe (vaeni raba, sio ndala) mpaka ufukwe wa upande wa pili unaotazama bahari kuu. Watunza viota ni watu wa hapohapo, wanashirikiana na Sea Sense, shirika la kulinda viumbe vya bahari, wanajua kila kiota kilitagwa lini, na mayai yanachukua kama miezi miwili kwahiyo wanakadiria siku. Pale mchanga unaanza kutitia kidogo, halafu kichwa kimoja kinatoka, hakifiki kikubwa kuliko njugu, halafu vinatoka vyote kwa pamoja vinakanyagana vinakimbilia maji. Binti yangu hajawahi kunyamaza muda mrefu vile. Na marufuku kuvibeba, vinatakiwa vitembee vyenyewe.

Kusi kweli ipo, ila mkienda kwa ndege inakuhusu nini?

kijana_wa_Kilindoni

Kiota nacho hakina ahadi Kinyonga. Siku ingine unafika wametoka usiku.

Kinyonga_77

Sawa hapo umenishika 😂 ila mtunza kiota anapiga simu kabla, potwe hapigi.

Konda_Rangi3

Usafiri sasa maana mnabishana samaki mama wa watu anaumwa kichwa. Ndege ndogo zipo Dar kwenda Kilindoni, nusu saa na kidogo hivi umefika, ila kwa watu wanne piga hesabu vizuri. Boti ni kutoka Nyamisati. Unapanda gari Mbagala Rangi Tatu, mnaenda barabara ya kusini mpaka Bungu mnakata kushoto. Nyamisati iko kwenye delta ya Rufiji, kwahiyo safari inafuata maji kujaa na kupwa, usije na akili ya ratiba ya Azam ya Zanzibar, mida inabadilika. Piga simu jana yake. Mwanzo mnapita katikati ya mikoko maji yametulia kama bwawa, mkitoka nje ndo kazi inaanza, hapo ndo umeze dawa ya kichefuchefu MAPEMA sio ukishaanza kutapika. Ushauri wangu nendeni kwa boti mrudi kwa ndege. Na boti ya mbao iliyojaa mizigo bila majaketi ya kuokolea usipande hata kama ni nusu bei, mwaka fulani tuliondoka na moja kupita kiasi cha abiria nikasema sirudii.

Bi_Utende

Mama Wawili assalaam aleikum. Nimesoma wote, niongeze ya kwangu.

Kwanza kulala. Watu wengi wanakimbilia Utende kwa sababu ndo kwenye mahoteli, lakini Utende iko ndani ya Hifadhi ya Bahari, ile iliyoanzishwa 1995, ya kwanza Tanzania, na getini mnalipa kwa siku. Mtanzania analipa kidogo, beba kitambulisho cha taifa na udai kontroo namba na risiti. Potwe wako upande wa Kilindoni, nje ya hifadhi. Kwahiyo kama bajeti ni ya kawaida, lala gesti Kilindoni siku za potwe halafu hamieni Utende siku mbili za mwisho. Barabara ni lami.

Pili, hakuna aliyetaja popo! Chole pale, kisiwa kidogo mbele ya Utende, wapo popo wakubwa wa jamii ya Komoro, wananing'inia mtini mchana kama matambara meusi, magharibi wanaondoka kundi zima kwenda kula. Watoto watawapenda kuliko hao kasa. Usiku komba wanalia juu ya minazi, waambie mapema wasidhani ni mtoto analia. Na viboko pia tunao, kwenye madimbwi ya ndani, watu hawaamini. Hao sio wa kuwafuata kwa miguu.

Tatu, na hili ndo kubwa, usipange tarehe bila kuangalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanatoka kabisa kama saa nne asubuhi na yanajaa saa kumi jioni. Hiyo kwa watoto ni nzuri mno, asubuhi fungu la Marimbani liko wazi mnacheza mchangani katikati ya bahari na kuangalia matumbawe maji ya kiunoni, jioni mnavuka Chole maji yamejaa, mnaona popo, mnarudi kabla mashua haijakwama. Maji mafu, yaani siku maji yanapwa kidogo tu, mambo yanakuwa mengine, fungu lenyewe halitoki vizuri.

Kwa potwe, chagua nahodha anayezima mashine mbali na samaki. Kuna mmoja nilimwona anamkatia njia kwa mbele wageni warukie mgongoni, samaki akazama hapohapo, boti zote nne zilizokuwepo zikakosa. Hakuna kumgusa, na kamera bila mwanga. Picha nzuri ni ya ubavu wa kushoto nyuma ya mashavu, madoa ya pale ndo watafiti wanamtambulia nani ni nani, waulize wenyeji pa kuipeleka.

MamaWawili_Dom

Jamani asanteni sana, hadi nimemwita baba watoto aje asome. Tumeamua Desemba, kasa tutawafuata mwaka mwingine wakikua kidogo (watoto sio kasa). Kinyonga usininunie. Nimeangalia kalenda, mwezi mpevu unaangukia humohumo kwenye likizo, sasa potwe nao tuwaweke siku za bamvua au hawajali?

kijana_wa_Kilindoni

Wao wanajali uduvi tu. Wekeni potwe siku ya pili, msiweke ya mwisho, mkikosa mnajaribu tena kesho yake. Muwe pwani saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka, na mwambie nahodha awe na majaketi ya saizi ya watoto, sio ya watu wazima yanayowavuka kichwani. Hilo muulize kwenye simu kabla hujatuma hata mia.