Ziara za basi za Würzburg: tumelipia kuona dari la Tiepolo, tumeonyeshwa duka

Wakuu leo sina salamu ndefu, nina hasira. Sisi tunaoishi huku Ujerumani tunapigwa na watu wetu wenyewe wanaoandaa ziara za basi na safari hii sinyamazi. Kampuni siitaji, mods msije mkanifungia bure, ila waliopanda lile basi kutoka Munich wanajijua.

Tangazo lilisema majumba ya kifalme, sanaa na historia. Nikaona Würzburg imo nikatuma hela siku hiyo hiyo, maana jumba lao la Residenz lina dari juu ya ngazi kuu ambalo Giovanni Battista Tiepolo, Mtaliano wa Venice, alilichora 1752 hadi 1753 akiwa na wanawe wawili, na ni karibu mita 30 kwa 18, mchoro mmoja! Halafu ile ni fresko, sio rangi ya kupaka tu juu ya ukuta mkavu, yaani fundi anapiga lipu kipande cha kutosha siku hiyo na mchoraji anaiwahi ikiwa mbichi, ikikauka imeshaila rangi, ukikosea ubandue lipu uanze upya. Kazi ya hivyo unaiangalia ukiwa umetulia au bora ubaki nyumbani.

Sasa sikilizeni walichofanya. Zile ngazi zimejengwa ili upande taratibu, huko juu kuna mabara manne na hayaonekani yote kwa mpigo. Unapoanza kupanda anakutokea Amerika, mwanamke mwenye manyoya kichwani kakalia mamba mkubwa ajabu, na vichwa vya watu vilivyokatwa viko hapo chini yake. Ukifika katikati ngazi zinageuka na wewe unageuka nazo, ndo Asia na Afrika wanafunguka pembeni na Ulaya anakuja mwisho, kwenye kiti chake cha enzi na wapiga muziki wake. Mwongozaji wetu akatuswaga kama mbuzi wa mnadani, "twendeni twendeni muda jamani", kuna mama mtu mzima anahema kashika ukuta hakuna hata wa kumwambia pole mama pumzika, tunafika juu shingo haijainuka tushasukumwa ukumbi wa pili.

Nikamuuliza, kaka, Afrika yuko upande gani? Akanyoosha kidole bila hata kuangalia: "Yule mwenye ngamia." Basi! Basi zima la Waafrika, limelipa kwa euro, linaelezwa Afrika kwa maneno matatu.

Mimi nikabaki nyuma kwa kiburi. Afrika ni dada mweusi kakaa juu ya ngamia aliyepiga magoti, kajiegemeza kwa raha zake, mzuri kweli, kuna wafanyabiashara na mizigo yao, kuna nyani anamnyofoa mbuni manyoya ya mkia. Tiepolo hakuwahi kukanyaga Afrika, alichora ya kusikia na ya vitabuni, na wale wenye dari walitaka ionekane mabara mengine matatu yanaleta mali na Ulaya kakaa anapokea, ana sanaa, ana kanisa, sisi tuna nyani. Inaudhi. Lakini rangi ile jamani, lile anga, unaudhika huku mdomo uko wazi! Nilitaka muda wa kugombana na lile dari kwa nafasi yangu, na hata huo ugomvi wameninyima, maana simu ilianza kuita, "dada uko wapi basi linakusubiri".

Kilichonimaliza kabisa ni maelezo. Mtu kauliza ilikuwaje dari lisiungue kwenye vita, akajibiwa eti ni Mungu tu. Mungu sawa, hakuna anayebisha, lakini msanifu Balthasar Neumann alijenga kuba la mawe lisilo na nguzo hata moja katikati, inasimuliwa wenzake walipomcheka akasema leteni mizinga mpige humo ndani muone kama litadondoka. Tarehe 16 Machi 1945 ndege za Waingereza zikauchoma mji karibu wote, paa la mbao la Residenz likateketea, kuba likabaki limesimama na mchoro wake. Halafu mvua sasa, paa hakuna, mpaka ofisa mmoja wa jeshi la Marekani, John Skilton, akahangaika kutafuta mbao za kulifunika. Na Neumann mwenyewe yumo mle juu, Tiepolo kamkalisha juu ya mzinga! Stori kama hiyo unaiachaje wewe mwongozaji, unalipwa kwa kazi gani?

Kumbe haraka yote ilikuwa ya duka. Duka la zawadi mjini, huko muda ulikuwepo bwerere, watu wamemaliza kununua wanapiga miayo na yeye kasimama kaunta anacheka na mwenye duka, sitaki kusema anapata asilimia ila nina macho.

Nimeomba hata nusu ya hela irudi, nimejibiwa kwa emoji ya mikono. Waliokuwemo semeni hapa chini tudai pamoja, acheni kunifuata inboksi. Na kama kuna wanne wako tayari kurudi, Bayern-Ticket, ile tiketi ya siku ya treni za jimbo la Bavaria, inabeba watu 5, treni za kawaida za asubuhi, chakula kila mtu na chake, tukifika hakuna kumharakisha mtu. Duka siendi.