RAM 4GB itaiweza kweli Windows 11?

Wakuu heshima kwenu, naombeni ushauri. Nina laptop ya mtumba, i5 ya 8th gen, RAM 4GB na hard disk ile ya kuzunguka ya 500GB, ipo Windows 10. Sasa si mnajua Windows 10 ilikatiwa sapoti Oktoba 14, 2025, nikaipima na ile programu ya Microsoft ikaniambia mashine inafaa kwa Windows 11, TPM 2.0 (ile chipu ya usalama) ipo, na RAM wanataka kuanzia 4GB, yaani mimi niko pale pale mlangoni. Shida ni kwamba hata sasa hivi nikifungua Chrome na Excel ya hesabu za duka tu, Task Manager inasoma memory 91% na disk 100%, feni inalia kama mashine ya kusaga, nabonyeza kitu naenda kubandika chai narudi bado inafikiria. Nimefungua mfuniko wa chini nimekuta sloti ya pili iko wazi. Hela ya mwezi huu inatosha kitu kimoja, nichomeke RAM ya 8GB au nianze na SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka? Na kuchanganya 4 na 8 haina noma? Fundi kaniambia nipige tu Windows 11 itajipanga yenyewe, mmh, sijamuelewa kabisa.